Kitanda Kilichoshuka Chenyewe

Kisa mwenzangu, leo uuguzi nimewazidi manesi. Nusura nimuue mume wangu.

Lugano bado yuko kwenye mashine ya kupumulia, kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa, kakaa kama anasubiri basi la Mbeya. Nikamwonea huruma. Nikazungusha ule mpini wa kitanda, nikamlaza chali.

Nesi karudi kumsafisha kinywa, akaganda. "Nani kamshusha? Ya tumboni yakipanda yataingia mapafuni, bibi. Atapata nimonia, na hali yake unaiona."

Nimonia, Kisa. Kwa mikono yangu hii.

Nikasema kimeshuka chenyewe.

Akashika mpini amwinue, ukagoma. Akainama kutazama kilichoukwamisha. Akaniuliza taratibu, "Na kanga yako, bibi, kitanda kimeimeza chenyewe?"