Siku Ng'ombe wa Mahari Waliporudi Kwao

Jumamosi, mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa kipupwe unaopasua midomo na kuingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Niko kwa wazazi wangu, kijijini, nje kidogo ya Mpwapwa. Naandika kwenye simu nikiwa jikoni, kwa sababu huku tu ndiko hakuna mtu wa kunitazama.

Leo ng'ombe wa mahari yangu wamerudishwa.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kabla ya kuandika nyingine. Mnaosoma hapa mnajua nilikuwa niolewe na Elia baada ya mavuno. Niliandika siku nilipochumbiwa, mkanipongeza, wengine mkaanza kuulizia sare. Kisha nikanyamaza. Mnisamehe.

Elia ni bwana mifugo. Tulikutana Majengo, Dodoma, kwenye duka la dawa za mifugo ninakouza. Alikuja kununua dawa ya kuogeshea, akasahau kofia yake kaunta, na aliporudi kuichukua akaisahau tena. Anaimba besi kwenye kwaya. Anashukuru kabla ya kula hata kama anakula muhogo wa kuchoma barabarani. Nayasema haya ili mtu asidhani nimemkataa mlevi au mpagani. Elia anampenda Mungu, na mimi nampenda Elia. Siwezi kuandika "nilimpenda." Nimejaribu, nikafuta.

Kwenye ukoo wao, mchumba hupelekwa kwenye kaburi la babu kabla ya harusi. Pombe ya mtama humwagwa kidogo chini, naye hupiga fundo moja kutoka kibuyu hicho hicho. Kisha huliita jina la babu, amwombe ampokee na ampe watoto. Basi. Baada ya hapo watu wanakula nyama.

Nilisema siwezi.

Mama Elia si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Yeye mwenyewe aliolewa bila kupitishwa kaburini, kwa kuwa mumewe alikataa mambo hayo. Baadaye akazika watoto wawili, kisha akamzika na mume. Watu wakamwambia chanzo ni kaburi lililorukwa, naye akaamini. Mtu aliyezika namna ile, ukimpa sababu ataishika tu. Elia ndiye pekee aliyebaki.

Nilikwenda kwake nikapiga magoti.

"Mama, nitalifagia kaburi. Nitalijengea. Nitakaa na wewe pale siku nzima tumwombe Mungu."

"Sikutumi ukaombe," alisema taratibu. "Nataka uliite jina lake. Najua huna jeuri, mwanangu. Lakini mtoto ninaye mmoja."

Niliinuka, nikajipangusa vumbi magotini, nikamuaga.

Elia alijaribu kwa njia yake. Alinifuata dukani, akasubiri wateja waishe.

"Ni fundo moja tu, Tabi. Hata usimeze. Mungu anaangalia moyo."

"Ndiyo maana siwezi," nikamwambia. "Anaangalia moyo."

Alifunika uso kwa viganja vyake. Sijawahi kumwona hivyo.

Niseme sababu yangu, maana wengi mtauliza kama ni kanisa lililonikataza. Hapana. Mchungaji aliniambia nikaombe, akaishia hapo. Natamani angeniamuru, ningepata wa kumlaumu. Mama yangu mzazi ndiye aliyenishangaa kuliko wote. "Mimi nilikunywa nilipoolewa," alisema, "na bado kila Jumapili nakaa benchi la mbele na akina mama wenzangu. Nani kakwambia nilimkana Yesu?" Simhukumu mama. Sijui alilokuwa nalo moyoni siku ile. Najua langu.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kifafa. Walinizungusha kwa waganga hadi kiuno changu kikawa na hirizi kama mkanda. Kila mganga na jina lake la kuita, na kila jina na woga wake. Nililala nikiogopa, nikaamka nikiogopa, nikawaogopa hata watu waliokufa kabla sijazaliwa. Nilipokuwa sekondari nilimpa Yesu maisha yangu, nikazikata zile hirizi mwenyewe kwa wembe. Hospitali walinipa dawa, nazo nilizimeza, sitaki kudanganya mtu. Lakini siku ile nilimwambia Mungu: kuanzia leo sitaliita jina lingine kuomba uzima. Sikumwambia "isipokuwa harusi." Sikumwambia "isipokuwa nikimpata mtu kama Elia."

Sikujua kama ingefika siku akanidai ahadi hiyo.

Asubuhi walikuja Elia na mjomba wake. Nilimwamkia mjomba, "Shikamoo," akaitikia "Marahaba" akiangalia zizi. Baba aliwakaribisha viti, wakakataa kwa adabu. Hakuna aliyepandisha sauti. Afadhali wangegombana. Ule upole wao ulikuwa kama wa msibani.

Baba alifungua zizi mwenyewe, ng'ombe wakatoka. Elia aliwachagua mmoja mmoja wakati wa kuleta mahari, akakataa wale ambao mjomba wake alitaka kuwatoa kwa kuwa walikuwa wembamba. Alisema hataki baba yangu aseme kuwa binti yake amethaminiwa kwa ng'ombe wa mbavu. Yule mwekundu alikuja na mimba, akazaa hapa kwetu, na ndama alisimama nyuma ya mama yake akishangaa watu.

Mjomba alimnyooshea fimbo. "Huyu amezaliwa kwenu, mzee. Ni wenu."

Baba akatikisa kichwa. "Ndama anafuata mama yake."

"Mzee, desturi—"

"Anafuata mama yake," baba akarudia, na sauti ikamkatika. Hapo ndipo nilipojua kuwa baba naye analia. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akilia.

Elia akachuchumaa, akampapasa ndama tumboni, akamkagua kitovu kama kimekauka vizuri. Alifanya kazi yake tu, mikono ikijua la kufanya wakati mwenyewe hajui. Nilisimama karibu. Watu wakajifanya wanatengeneza kamba.

"Umekonda," akasema bila kuinua macho.

"Na wewe."

"Ningemwachia mjomba aje peke yake. Ila hawa ng'ombe hawamjui, wangemsumbua njiani."

Nikasema ndiyo. Ni neno la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Utaniombea, Tabi?"

"Kila siku."

"Niombee. Lakini usiombe nimwache mama."

Nikamwahidi. Na hapo nikaelewa kuwa hakunikataa mimi, kama ambavyo mimi sikumkataa yeye. Kila mmoja wetu alishikwa na mahali asipoweza kupaacha. Kuelewa hakukunipunguzia chochote. Niliwatazama wakishuka korongoni hadi vumbi lao likachanganyika na vumbi la upepo, na sikuweza tena kujua lipi ni lao.

Mchana mama alisonga ugali wa uwele na mlenda. Sikula. Alinisogezea tu maji ya kunawa. Najua ananiona mkaidi. Shangazi zangu wanasema dini ya mjini imeniharibu. Wengine watasema najiona mtakatifu kuliko wazee wetu waliolala. Sijioni hivyo. Leo sijioni kitu chochote.

Baadaye baba alikuja kusimama mlangoni pa jikoni, mahali ambapo kwa kawaida hasimami.

"Sikuelewi, mwanangu," akasema. "Nimejaribu. Lakini kwenye boma langu hakuna atakayekusema."

Akaondoka.

Nimekuwa nikisikia tangu niokoke kwamba utii una amani. Labda itakuja. Leo kilichopo ni kifua kizito na jina la mtu ninalolikatisha katikati kila linapotaka kutoka. Nikiulizwa kama ningerudi nyuma na kunywa lile fundo, jibu ni hapana. Nikiulizwa kama nina furaha kwa jibu hilo, jibu ni hapana pia. Sikujua kuwa mtu anaweza kuwa na hakika na akavunjika kwa wakati mmoja.

Kesho ni Jumapili, na asubuhi nitapanda basi la kwanza kurudi Dodoma. Habari zitakuwa zimenitangulia kanisani. Watanishika mikono, watasema nimeshinda, huenda nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Nitakataa. Sijashinda kitu. Nimetii, na nimelia, na sijui bado kama Mungu anavipokea vyote viwili kwa mkono mmoja.

Nitakwenda nikakae benchi la nyuma, nimuulize mwenyewe.