Waliokuja Kuuliza Habari Zangu

Dar es Salaam,
11 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu ya kwetu, mwadila mayu. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia kidogo, maana najua msimu huu wa palizi hulionei huruma. Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu.

Najua unajiuliza kwa nini sipigi simu tena, na kwa nini Shangazi Felisita amekuletea bahasha kama enzi za babu. Unajua kituo chetu cha utafiti kinaandika ripoti, lakini sijawahi kukueleza inahusu nini. Inahusu mitambo ambayo mashirika ya ujasusi katika nchi mbalimbali duniani yanaitumia kufuatilia watu. Siyo mhalifu mmoja aliyeshukiwa, bali watu wote kwa pamoja, kama wale wa Lamadi wanaovua kwa kokoro na kuzoa hata vifaranga vya samaki. Kuna mtambo unaojifanya mnara wa simu. Ukiwashwa mnadani, simu zote za pale zinaukimbilia na kujitaja. Kuna programu inayoingia kwenye simu bila mwenyewe kubonyeza chochote, halafu inasikiliza chumba kizima. Lakini kinachonikosesha raha ni kitu kidogo kuliko vyote: kumbukumbu ya nani alimpigia nani, lini, akiwa wapi. Hawahitaji kusikia maneno yetu. Ukishajua kwamba mtu fulani humpigia mama yake kila Jumapili baada ya misa, umeshajua pa kumshika.

Simu ya Januarius, ninayekaa naye ofisi moja, imeanza kupata moto mfukoni hata asipoitumia. Ameipeleka kwa wataalamu. Basi nikaona heri tuandikiane. Barua nitampa kondakta wa basi, Shangazi ataipokea stendi ya Bariadi na kukuletea siku ya mnada. Na simu yako, mkizungumza habari zangu, iweke mbali.

Nisalimie Mjomba Mabula.

Mwanao,
Jenipha


Nkololo,
3 Machi 2024

Mwanangu Jenipha,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni wazima, pamba imesimama vizuri, goti lipo na linatabiri mvua kuliko redio. Je, unakula? Unaandika kama mtu asiyekula. Nimekufungia michembe ya viazi na nsansa, ile mboga kavu ya kunde, Felisita atampa kondakta.

Simu nimeiweka kwenye chungu cha choroko na kukifunika. Juzi ikalia mle ndani, kuku wakatawanyika, mjomba wako akasema, "Dada, choroko zako zimepata mashetani." Nikamwambia ni agizo la msomi.

Sasa kuna jambo, nalo nilisema nisikuandikie, halafu nikaona ukilisikia kwa mwingine utanilaumu. Wamekuja watu wawili kwa pikipiki. Siyo wa hapa. Mmoja mtu mzima, shati limepigwa pasi, mwenzake ana kofia. Kwangu hawakufika. Walikaa kwa jirani yetu Maximiliana, wakanywa uji, wakaenda kisimani, wakaenda na mashineni kwa yule anayesaga. Kote huko walikuulizia wewe. Umesoma wapi. Baba yako alikufa kwa ugonjwa gani. Kama ukoo wetu una mtu aliyewahi kufungwa. Huko Dar unakaa na nani. Kama una kichwa kigumu. Maximiliana anasema yule mtu mzima aliuliza pia kama ukipewa mstari wa kulima unaumaliza au unauacha katikati. Akamjibu kwamba unaumaliza lakini unakwenda ukinuna. Wakacheka, wakaondoka.

Mimi nilikuwa shambani. Nimeudhika kidogo. Mtu akitaka habari za mtoto wangu, mlango wangu haujafungwa.

Mama yako,
Evalina


Dar es Salaam,
17 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Michembe nimeipata, nimeila ofisini nikiwa nimesimama.

Naomba usome barua hii ukiwa peke yako. Hao watu najua ni akina nani. Sijui majina yao wala ofisi yao, lakini najua namna yao, nimeiandika mwenyewe katika sura ya nne. Mitambo ikishasema mtu yuko wapi na anazungumza na nani, hutumwa watu kwa miguu kwenda kutafuta kile ambacho mtambo hauoni: mtu huyu ana tabia gani, anampenda nani, anaogopa nini. Hupita kwa jirani kwanza. Hilo swali la mstari wa kulima lisikudanganye. Wanaweka maswali ya kijinga katikati ili mtu alegee.

Mimi nilijipanga kuogopa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeshazoea, kama mtu anavyozoea kutembea na jiwe kwenye kiatu. Sikujipanga kuwaona kisimani kwetu.

Ripoti inakwenda kuchapwa mwisho wa Aprili. Ina majina sita ya waandishi na langu ni la pili. Nimefanya kazi hii tangu nilipomaliza chuo na sijawahi kufanya kitu ninachokiamini zaidi, lakini nitawaambia waliondoe jina langu. Ripoti itasimama bila mimi. Lakini wewe, sina wa pili.

Wakirudi, wakija mpaka kwako, waambie tulikosana zamani. Waambie huna mtoto wa jina hilo. Nakuomba sana.

Sitaweka jina hapa chini. Unaujua mwandiko.


Dar es Salaam,
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Kondakta anaapa kwamba bahasha ilifika stendi. Nilitaka kumpigia Shangazi nikaogopa.

Nimezungumza na mhariri. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, akalifuta jina langu mbele yangu. Nilidhani baada ya hapo nitapumua. Sijapumua bado.

Niandikie hata mstari mmoja.


Nkololo,
21 Aprili 2024

Mwanangu Jenipha,

Salamu nyingi. Sisi wote wazima, na wewe utakuwa mzima ukishamaliza kusoma hapa, kwa hiyo kaa chini.

Kwanza, barua isiyo na jina usiniandikie tena. Niliikunja nikaiweka kwenye Biblia, na kila nikifungua Biblia naiona. Nilikaa kimya kwa sababu sikujua mtu anajibuje barua kama hiyo.

Pili, walirudi. Safari hii walikuja moja kwa moja, wakasimama pale kwenye minyaa ya uani, wakabisha hodi. Nikatoka na maneno yako mdomoni: sina mtoto wa jina hilo. Nimefika mlangoni, hayakutoka. Jenipha, nilikuzaa mvua ikinyesha na bati linavuja, leo nimwambie mtu mwenye kofia kwamba sina mtoto? Nikawaambia wasubiri. Nikapita mlango wa nyuma nikamwendea kamanda wetu wa sungusungu, Ngassa. Ngassa hakuuliza mara mbili. Akapiga filimbi.

Unajua filimbi ikilia Nkololo. Wanaume waliacha majembe pale pale. Hao wawili walikuwa wameshaanza kuwasha pikipiki, ikagoma. Wakaketishwa chini uwanjani kwangu, kijiji kizima kimewazunguka.

Ngassa akawauliza, "Mnatafuta nini kwenye mji wa Evalina?"

Yule mtu mzima, anaitwa Luhende, akasema, "Kamanda, tumepotelewa na ng'ombe."

"Ng'ombe gani huyo mnayemuulizia kama amesoma?"

Watu wakacheka, lakini siyo kicheko kizuri. Ngassa akasema, "Tunataka kuwajua. Mmetumwa na nani?" Luhende akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Mwenzake akamwangalia. Luhende akasema, "Siwezi kusema, ni aibu." Mjomba wako akasema kwa sauti, "Mjasusi mwenye aibu mimi sijamwona."

Hapo simu ya Luhende ikalia. Ngassa akaichukua, akaiweka kwenye sauti kubwa tusikie wote. Sauti ya kijana ikasema, "Shikamoo baba mdogo. Mmefikia wapi? Kwao Jenipha mmeonaje?"

Ngassa akajibu, "Kwao Jenipha wamewakamata."

Kijana akauliza, "Wewe ni nani?" Ngassa akasema, "Kwanza wewe."

Basi, mwanangu, ni Marcelo. Wa Migato kule Itilima, mwalimu wa fizikia huko Dar. Luhende ni baba yake mdogo, na mwenye kofia ni binamu yake. Walikuwa wametumwa na ukoo kuuangalia mji wetu, kama wazee walivyofanya kabla ya kuleta neno la posa. Nikamuuliza Luhende kwa nini hakuja kwangu tangu mwanzo. Akasema, "Mama, nikikwambia nakuja kukuchunguza, si utafagia uwanja?" Safari ya pili walikuwa wanakuja kujitambulisha, maana walikuwa wameridhika. Nikawachinjia kuku. Ngassa alikula paja.

Sasa Jenipha. Mambo ya mitambo na minara umenieleza mpaka nikaelewa. Serikali za dunia umenieleza. Marcelo ni nani?

Mama yako,
Evalina


Dar es Salaam,
28 Aprili 2024

Mama yangu,

Mwadila, shikamoo, na samahani, zote kwa pamoja.

Nilisoma barua yako kwenye ngazi za ofisi. Nilipofika kwenye "Kwao Jenipha wamewakamata" nilianza kucheka, halafu nikagundua ninalia, na mlinzi akaniletea maji. Nililala usiku huo kama mtoto. Sikukumbuka kama usingizi una uzito namna ile.

Marcelo ni mtu ambaye nilipaswa kukueleza mwaka jana. Sikukueleza kwa sababu nilitaka kwanza nijue mwenyewe moyoni, na mimi unanijua, moyoni mwangu kila jambo hukaa foleni ndefu kabla ya kuamuliwa. Sasa umemjua kupitia filimbi. Ni haki yangu kuaibika.

Yeye anasema alitaka kukuomba radhi kwanza kabla ya kuniambia mimi, akakupigia mara kadhaa lakini simu yako ilikuwa inalia tu. Nikamwambia iko kwenye choroko.

Jioni ya siku ile niliyosoma barua yako nilimwita. Nilikuwa na hasira nzuri, iliyopangwa. Nikamwambia, "Mimi nakaa nahesabu nani ananifuatilia, kumbe ni wewe?"

Akasema, "Siyo mimi, ni ukoo. Na kwenu hamfanyi?"

"Ungeniambia."

"Nikikwambia, si upelelezi tena."

Anaogopesha anavyosema ukweli bila kujua. Nikamweleza kwamba hicho ndicho hasa nilichoandika katika sura ya nne: mtu anakuwa amepimwa, ameamuliwa, na yeye ndiye pekee asiyejua kuna mizani. Halafu akasema, "Lakini baba mdogo aliketishwa chini akaulizwa ametumwa na nani." Ni kweli, na nimelifikiria sana hilo. Ngassa aliuliza swali ambalo katika nchi nyingi tulizoziandika hakuna wa kuliuliza, na jibu likapatikana kabla kuku hajaiva. Natamani mitambo nayo ingekuwa na simu ya kuwekwa kwenye sauti kubwa.

Hata hivyo nimemwambia Marcelo: siku nyingine ukitaka kunijua, niulize mimi. Amekubali. Nitaona.

Jambo lingine sikufichi. Wataalamu wamekuta kitu kwenye simu ya Januarius. Programu ya kusikiliza, ile ile ya aina niliyokueleza, na hawajui imetoka kwa nani. Yangu wameikagua, ni safi. Kwa hiyo sikuwa kichaa, mama. Nilikosea watu tu.

Na jina langu. Nilikwenda kwa mhariri siku ripoti inapelekwa kuchapwa. Nikamwambia mama yangu aliagizwa aseme hana mtoto, akashindwa, basi na mimi nimeshindwa kusema sikuandika. Akalirudisha. La pili, pale pale lilipokuwa.

Mwanao,
Jenipha


Nkololo,
2 Juni 2024

Mwanangu Jenipha,

Tumsifu Yesu Kristo. Tunavuna, mikono imechubuka, tunashukuru. Goti linakusalimu.

Kitabu chenu kimefika. Maneno ya ndani ni magumu, ila jina lako nimeliona bila miwani. Kitabu nimempelekea Ngassa akakitazama, akasema sungusungu nao wangewekwa humo. Nikamwambia waliwekwa, ila kwa siri.

Akina Luhende wameomba kuja rasmi tukishauza pamba. Safari hii wametaja siku, kwa hiyo nitafagia.

Sasa sikiliza, na hili libaki kati yetu. Hatuwezi kuangaliwa sisi tu. Wiki ijayo Felisita anakwenda Migato. Atasema anatafuta marando ya viazi vitamu ya kupanda. Atakaa kisimani, atakunywa uji kwa majirani, atasikia baba yake Marcelo anaishije na mkewe, na kama kijana mwenyewe aliwahi kushika jembe au ni fizikia tu. Usimwambie Marcelo. Ukimwambia, watafagia.

Mama yako,
Evalina


Dar es Salaam,
9 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na mwadila kwa wote wanaovuna. Sisi huku tu wazima.

Nimemwambia.

Usinikasirikie. Nilikaa na barua yako siku nzima nikijaribu kunyamaza, nikaona nitakuwa nimeandika ripoti nzima bure. Marcelo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akawaza, uso ukabadilika, akasema, "Mwambie shangazi asiulize kwa jirani wa upande wa kisimani, tuligombana naye kwa ajili ya mpaka. Aulize kwa wengine." Nikamjibu kwamba sasa Shangazi ataanzia hapo hapo. Akasema, "Najua. Basi mwambie pia kwamba baba ndiye aliyekosea, ule mti wa mpakani ulikuwa wa jirani. Asisikie kwa mtu mwingine kwanza."

Hilo jibu, mama, ndilo nililokuwa nalisubiri tangu mwaka jana. Foleni ya moyoni imekwisha.

Jumapili ijayo toa simu kwenye chungu, uifute vumbi la choroko. Nitakupigia baada ya misa, kama zamani. Kama kuna anayesikiliza, atasikia habari za goti lako mpaka achoke.

Mwanao,
Jenipha Magese, wa Nkololo