Siku shangazi Kulsumu alipooga Kipili

Adija, nimetoka kwa shangazi Kulsumu sasa hivi, mbavu sina! Kumbe enzi za Ujamaa, wiki ya harusi yake, alitoroka Sumbawanga na lori la dagaa kwenda kuogelea Kipili!

Ufuko kimya. Kabaki na shimizi, kaingia ziwani. Mara mzee mmoja na nyavu zake, kasimama pale pale penye nguo!

Shangazi akamfokea, "Babu, ondoka! Au unatafuta mke wa nne?"

Mzee taratibu: "Namuozesha mwanangu Uledi, Ijumaa. Anaoa huko Sumbawanga."

Uledi!! Mchumba wake! Yaani kamtukana mkwe, tena yuko na shimizi! Akazama mpaka kidevuni, anaiona harusi inakwenda na maji.

Mzee kuona alivyozama kwa jina lile, akajua ndiye bibi harusi, akampa mgongo, akaziambia nyavu zake, "Mkwe wangu nitamwona Ijumaa. Leo hapa sijaona mtu."