Pumzi kwenye Muhuri

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa Mama Funguo.
Jumapili asubuhi, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miguu imepumzika, na kile kikohozi cha baridi kimekuhama. Unalala vizuri huko? Umepata mtu wa kucheka naye? Sisi ni wazima, ila goti la Baba linatabiri mvua kuliko redio, na safari hii halikukosea.

Mvua imeacha ukimya wa ajabu hapa uani. Maji yanadondoka kutoka kwenye kamba ya nguo, na kila tone linakaa kidogo kabla ya kuanguka, kana kwamba linafikiri. Zamani nisingeliona. Nivumilie nikizunguka, Shangazi. Nina neno kubwa la kukuambia na ninalisogelea polepole.

Dada amejifungua mtoto wa kiume. Amekuja kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba soksi yangu ingemtosha kuwa blanketi. Anaishi ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, hospitalini. Daktari hajatuahidi kitu. Husema tu, "Tunakwenda naye."

Hatukukuarifu, nawe utaelewa kwa nini. Kwetu majina ya watoto hutoka kwako, hata langu ulilitoa wewe, na Dada alikataa tukuombe jina. Alisema mgeni hatandikiwi kitanda kabla haijajulikana kama atalala. Nami nilimuunga mkono. Unanijua nilivyo mwoga. Niliona jina litatuongezea kitu cha kulilia.

Kichekesho ni kwamba kazi yangu ni majina. Tangu niajiriwe katika ofisi ya vizazi, nakaa dirishani kutwa nzima nikiwaandika watoto wa watu. Wiki hizi kila kichanga kilichobebwa mbele yangu kilinichoma. Nilijaribu kusali, lakini maneno yalitoka makavu kama zile kanuni za ofisi zilizobandikwa ukutani. Nikaacha.

Basi, Alhamisi pedi za wino zilikuwa zimekauka ofisi nzima. Mtunza stoo, tunayemwita Kesho kwa sababu ndilo jibu lake, hakuwa ameleta nyingine. Hali ikiwa hivyo huwa tunaupulizia muhuri pumzi ya moto, haa, kama mtu anayesafisha miwani. Wino mkavu ukilainika, tunagonga. Mimi huona aibu, hugeukia ukutani. Lakini siku hiyo mwanga ulikuwa umeingia kwa mistari, vumbi la mafaili likielea ndani yake bila haraka ya kutua. Nikalitazama, nikasahau kugeuka.

Mzee mmoja kwenye foleni akaniona. "Jamani! Serikali imeishiwa wino, sasa inatumia mate!"

"Si mate, mzee wangu, ni pumzi," nikajitetea. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mama aliyekuwa mbele yangu hakucheka. Cheti kilikuwa cha mwanawe, aliyelala begani. Akasogea karibu na kioo, akasema taratibu, "Basi pulizia vizuri, kaka. Huyu alichelewa kulia. Mkunga ndiye aliyempulizia."

Shangazi, sijui nikueleze vipi. Sikusikia sauti yoyote wala sikuona maono. Feni iliendelea kulalamika juu yetu kama kawaida. Lakini niliushika muhuri kwa mikono miwili. Nilivuta pumzi, na nilipoitoa juu ya ule mpira mdogo wa muhuri, sikuwa nikilainisha wino tena. Nilikuwa naomba. Nilimwombea yule wa begani, nikamwombea na wetu. Sikuwa na neno hata moja, lakini niliamini nimesikiwa. Nikagonga. Muhuri ukatoka mzima, hadi duara la nje ambalo huwa halitoki.

Yule mama akakipokea cheti, naye akakipuliza kikauke, akaenda zake. Zamu ya yule mzee ilipofika, akainama dirishani na kuninong'oneza, "Na cha mjukuu wangu kipulizie hivyohivyo, baba."

Tangu siku hiyo Baba akipoza chai kwa kuipuliza, mimi nanyamaza kama niko ibadani. Mama ananiuliza kama naumwa. Huenda ni uchovu tu, maana nimesoma vya kutosha kujishuku. Lakini natembea kama mtu aliyeambiwa kuna mtu chumba cha pili, na sasa anamsikia.

Jana alasiri nilimsimulia Dada. Muuguzi humwita mtoto Mheshimiwa, kwa kuwa akikohoa tu wodi nzima inakimbia. Dada peke yake ndiye aliyebaki kumwita "mgeni". Alinisikiliza ameweka kiganja juu ya kioo.

"Wewe," akasema, "uliyekuwa ukimkimbia jogoo wa jirani mpaka unapanda mezani, leo ndiwe wa kunitia moyo?"

"Hata sasa namwogopa yule jogoo."

Akacheka, kisha akalia kwa muda mrefu. Alipojifuta uso akasema, "Akae, asikae, sitaki aitwe mgeni na mama yake. Mwandikie Shangazi."

Ndilo neno nililokuwa nikilisogelea. Tupe jina, Shangazi. Usitafute la kishujaa, wala la kumlazimisha kuishi. Tupe jina la kuitwa asubuhi anapochelewa kuamka, jina linaloweza kupazwa hadi mwisho wa mtaa. Daktari bado hajaahidi kitu, na mimi ningali naogopa. Ila afadhali kumwogopea mtu tunayeweza kumwita.

Ningekupigia simu, lakini ningelia, ungesikia nusu. Dereva wa basi, jirani yetu, anaondoka leo mchana, nampa barua hii, kwa hiyo kesho utakuwa nayo. Wewe usijibu kwa barua. Mpigie Dada mwenyewe. Anataka kulisikia wa kwanza, alitamke pale kwenye kioo.

Msalimie mzee wako fundi saa, na binamu yangu mwalimu. Baba anakusalimu, na Mama pia, na Mama Funguo, mwenye nyumba wetu, asiyekujua lakini anasisitiza atajwe. Mwanao mpya naye anakusalimu. Ukishapiga simu, atakuwa na jina la kukusalimia nalo.

Mungu akulinde uamkapo na ulalapo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiogopa,

Karani wako