Aliyekufundisha Kusali

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Hamjambo huko? Goti lako je, limeacha kukusumbua? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Mashuka ya hospitali hayaishi, ukimaliza rundo moja unaletewa jingine.

Nimepata barua ya Chiriku. Mwanangu anaandika vizuri siku hizi, hata nikamsomea mwenzangu wa kupiga pasi. Lakini wifi, barua nzima ni shangazi, shangazi! Shangazi kanifundisha Zaburi, shangazi kasema tusamehe kabla jua halijazama, shangazi kanisuka. Mimi niliyemzaa nimepewa mstari wa mwisho: "nakusalimia na wewe." Na wewe! Kama jirani!

Sikufichi, nimeona wivu. Najua kaka yako alipofariki ni wewe uliyempokea mtoto ili mimi nije kutafuta kazi, na ninashukuru. Ila Juni ni kipaimara chake, na mchungaji atamuuliza kama anavyowauliza wote: nani aliyekufundisha kusali? Anayetajwa ndiye anayesimama na kumwekea mkono begani. Nitaomba ruhusa nije. Mwambie anitaje mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wifi yako


20 Februari

Wifi,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Goti ni lile lile, halina jipya. Pole na mikono, uwe unaipaka mafuta.

Hilo unalotaka sitalifanya. Nimpangie mtoto cha kusema madhabahuni? Atamtaja anayemtaka. Akikutaja wewe nitapiga makofi, ingawa shingo upande.

Na unadhani wivu ni wako peke yako? Mimi ndiye ninayegombana naye akitaka kuruka sala ya asubuhi. Mimi ndiye niliyemshika sikio hadi dukani akarudishe penseli aliyoiiba, akaninunia siku nzima. Barua yako ikifika, ananikimbia nikiwa namsuka, kichwa nusu! Mimi ni wa kukaripia na kumenya vitunguu, wewe ni wa kuotwa. Unajua sikujaliwa kuzaa. Usinisimange kwa uchungu wa mwana.

Wifi yako


2 Machi

Wifi,

Salaam. Nimesoma, moyo ukanichemka, nikasoma tena. Basi kama hutaki, mtoto namchukua. Hapa nina chumba, shule ipo, na kanisa letu liko nyuma tu ya kazini kwangu. Binamu yangu dereva wa lori atampitia Jumamosi ya katikati ya mwezi. Kipaimara atakipata huku huku, na mchungaji wa huku huuliza swali lile lile, mbele ya macho yangu.

Mama yake Chiriku


19 Machi

Wifi, maana kwangu bado ni wifi,

Natumaini u mzima. Dereva alikuja. Chiriku alijifungia chooni akasema haendi ng'o. Ningeweza kumwacha humo humo, na moyo wangu ulinishauri hivyo. Nikagonga mlango, nikamwambia aniambie amri ya wazazi inasemaje. Halafu akaisema yote, waheshimu baba yako na mama yako, akafungua, akabeba mfuko wake.

Nilimfundisha mwenyewe, na ndiyo iliyomtoa nyumbani kwangu. Hata yule dereva nilimwonea wivu, kwa kuwa angekaa naye njia nzima. Niandikie kama amefika.

Wifi yako


11 Aprili

Wifi,

Hamjambo? Sijapata jibu. Neno moja tu: amefika?

Wifi yako


15 Juni

Wifi yangu,

Hujambo? Chiriku amefika, mzima, anakula, anaongea hadi majirani wanagonga ukuta. Nilikaa kimya makusudi. Nilitaka akusahau kidogo. Kazi bure! Akiinamisha kichwa kusali, anakohoa kwanza kama wewe. Nikamkataza. Akaniuliza, "Sasa mama, nitaanzaje?" Nikatoka nje nikaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Jana ilikuwa kipaimara. Nimejishonea gauni jipya, nimekaa mstari wa mbele, wenzangu wa kufulia wote wamekuja kuniona nikiitwa. Mchungaji akamuuliza. Chiriku akanitazama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Shangazi."

Watu wakageuka kukutafuta. Hakuna aliyesimama. Wenzake wote wana mkono begani, mwanangu yuko peke yake kama aliyekosea kanisa. Wifi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuchukia, nakwambia kweli, na leo bado wivu unanikaba. Lakini nilimwona anajikunyata, anahesabu vidole vyake asilie mbele za watu. Miguu ikanibeba yenyewe. Nikaenda, nikamwekea mkono.

Mchungaji akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye shangazi yake?"

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Hapana, Mchungaji. Shangazi yuko mbali. Mimi ni wifi yake, nimesimama badala yake."

Wifi yako