Sabuni Inayorudi kwa Mlango wa Jikoni

Nyumbani, dukani
Jumapili mchana

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji na wapwa zangu wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Baba anakula vizuri na kifua kimetulia. Mimi nipo tu. Tangu tumzike Mama silii wala sicheki. Naamka, nafagia, nalala.

Uliniuliza kama tumeshafunga duka. Unajua lilivyoanza: Babu alitoa kitanda sebuleni, akapanua dirisha, akauza chumvi na mafuta ya taa, huku Bibi akinung'unika kwamba sasa atalalia gunia. Baba alipolirithi akaongeza rafu, nasi tukakulia chini ya kaunta. Kisiwa kizima kilinunua hapa. Ila tangu boti ya kila siku ianze, watu wanavuka asubuhi na kurudi vikapu vimejaa.

Hata hivyo Baba aliendelea kufungua dirisha kila asubuhi. Sikuwa na moyo wa kumwambia basi. Niliogopa atamfuata Mama.

Majirani wakanisaidia bila kuombwa. Fundi cherehani hununua mche wa sabuni dirishani, akamsifu Baba kwa bidhaa nzuri, kisha akazunguka nyuma na kunirudishia jikoni. Baba akijilaza mchana, nairudisha rafuni. Muuza samaki naye hufanya hivyo kwa kiberiti, hadi ganda lake limechakaa na hakijawahi kuwashwa.

Jana nilimkuta Baba ameishika ile sabuni.

"Mwambie fundi akafulie," alisema. "Imezunguka vya kutosha."

Nikamuuliza tangu lini anajua.

"Tangu siku ya kwanza. Duka nilishalichoka, mwanangu. Ila niliona tangu mama yako aondoke, ni hili tu linalokutoa kitandani. Nikasema nisikunyang'anye."

Nilikaa kwenye gunia. Nilitaka kulia, Dada, machozi yakagoma.

Leo hakuna aliyefungua dirisha. Tumekunywa chai jikoni, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mgonjwa wake. Ukipata nafasi, njoo.

Msalimie sana shemeji, uwabusu watoto, na shangazi mwambie Baba anamuulizia. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata siku hizi ambazo sisikii kitu.