Waya Uliozungushwa Kushoto

Yaya wangu mpendwa,

Wewe, kaka yangu mkubwa, umelala kaburini Likasi, na mimi niko Kapata, katika nyumba ya kampuni ya mgodi aliyotuachia Tata, baba yetu. Nimerudi humu mzee, baada ya miaka mingi ya kukaa Kasaji, mbali nawe. Nakuandikia kwa sababu amekuja kijana anayesema ni mwanao, na simwamini.

"Baba mudogo," alisema mlangoni, "mi niko mutoto ya yaya wako. Nataka kuoa. Bakwe banasema nisirudie bila baba."

Anataka Jumamosi nisimame mbele ya wakwe nitamke kwamba huyu ni damu yetu. Neno kama hilo halirudishwi mdomoni.

Mimi nilimtazama uso, yeye akatazama sakafu. Siku hizi, Yaya, mtu akitazama sakafu yako anapima kilicho chini yake. Nyumba ya tatu kutoka hapa walichimba kobalti chumbani mpaka ukuta ukapasuka. Jirani yangu, Mama Ngoie, alinicheka: "Muzee, ule mutoto anafanana na yaya wako, ao anafanana na muchimbaji?" Karatasi alikuwa nazo. Lakini karatasi hapa hupikwa kama bukari, ugali wetu wa kila siku.

Nikakumbuka ulivyonifundisha umeme, tukiwa tumesimama kwenye lango la mgodi saa ya kubadilishana zamu. Ulisema haraka ya watu kwenda nyumbani ndiyo volti, ile nguvu inayosukuma. Watu wanaopita langoni ndio mkondo. Wembamba wa lango ndio ukinzani. "Ona jasho lao," ulisema. "Waya nao unatoka jasho pale njia inapobana." Na ulinionya nisisadiki betri iliyopumzika: ukiipima haina kazi itajisifu volti zote kumi na mbili, uiwashie taa ndipo utaijua.

Basi nilimpa kijana kazi. Taa ya gari niliyotundika sebuleni, inayowashwa na betri, ilikuwa imefifia. Nikakaa karibu, macho kwenye mikono yake. Alishika bisibisi kwa mkono wa kulia. Aliikwangua kutu, akakata ncha ya waya iliyooza, akaufunga upya kwenye skurubu. Mgongo wake ulinizuia nisione alivyoufunga.

"Batri haina mubaya, Baba mudogo. Ni kura, ule mukondo, yenye ilikuwa inapita mubaya."

Taa ikawaka vizuri. Hata fundi wa sokoni angeweza hayo. Nikamwambia nitafikiri.

Hazikupita siku nyingi taa ikafifia tena. Betri niliipima huku taa ikiwaka: ilikuwa nzima. Nikagusa kiungo cha waya na skurubu, kikaniunguza kidole. Nikafungua skurubu, Yaya, nikakaa chini.

Waya ulikuwa umezungushwa kushoto.

Wewe ulikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na ulizungusha waya hivyo maisha yako yote. Skurubu hukazwa kulia, kwa hiyo kila ilipokazwa iliusukuma waya wako nje. Kiungo kililegea, ukinzani ukapanda, joto likaja. Kila redio uliyotengenezea watu wa Kapata, mimi nilipita nyuma yako nikifungua na kufunga upya. Uliniona, ukacheka: "We mudogo, utanifuata nyuma mpaka siku gani?"

Kijana huyu ni wa mkono wa kulia. Mkono wake wenyewe haungempeleka upande huo. Kuna mkono mwingine alioutazama kwa muda mrefu, na hakuwa na mdogo wa kumsahihisha.

Shaka yangu haijafa. Huenda alikuwa mwanagenzi wako tu. Huenda bado anaitaka sakafu ya Tata; sijui aliangalia nini pale chini, na sijamuuliza. Lakini ufundi watu huununua. Kosa la mtu halinunuliwi. Huchukuliwa na anayekaa karibu naye, akimpenda kiasi cha kutoliona.

Nimemwita. Nilimwonyesha jinsi ya kuzungusha waya kulia. Akautazama, akatikisa kichwa.

"Papa hakufanyaka vile."

"Najua," nilimwambia. "Kaza."

Jumamosi nitavaa koti na kusimama mbele ya wakwe. Nikiwa nimekosea, nitakuwa nimemsimamia mtu uliyemlea kwa mikono yako. Chumba cha nyuma, ambako mtu angeweza kuchimba bila kuonekana, hata hivyo, kitabaki na kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Pumzika, Yaya.

Ni mimi mdogo wako, ningali nyuma yako.